Tiki Kumi na Mbili

Sikumpenda, na sitajifanya hapa kwamba nilimpenda. Watu wakishakufa hupewa sifa ambazo hawakuzifanyia kazi, na za kwake nimezisikia nyingi tangu walipomzika: eti alikuwa mtu wa haki, mtu wa Mungu, mtu ambaye mkono wake haukukosea. Wanaosema hivyo hawakuwahi kusimama mbele yake saa kumi na mbili asubuhi, mikono nyuma, kama mtoto aliyevunja sahani, wakingoja aseme kama wataenda kazini au watarudi nyumbani. Mimi nilisimama hivyo miaka kumi na mmoja.

Tulimwita Mkaguzi. Jina alikuwa nalo, lakini pale yadini hakuna aliyelitumia na mimi sitaanza leo. Alikozaliwa sijui, na ukoo wake sikuwahi kuuliza. Nilimkuta mjini Wote, kwenye yadi ya kampuni ya kuchimba visima iliyoniajiri miaka ya sabini mwanzoni, tayari akiwa na koti lake la khaki na nyundo ndogo mfukoni. Hakuna gari lililopita geti kabla hajalizunguka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake yote, na aliifanya kana kwamba Mungu mwenyewe alikuwa dereva mmojawapo na hakuaminika sana.

Alianzia gurudumu la mbele kushoto, kila siku, hata gari likiwa limeegeshwa vibaya kiasi cha kumlazimu apite kwenye matope. Aligonga nati moja moja kwa ile nyundo, kichwa kimeinama upande, akisikiliza. Nati iliyokaza, alisema, inaimba. Iliyolegea inakohoa. Angeweza kuwa anaongea na mtu kuhusu mahindi yake, halafu akanyamaza katikati ya neno, akarudi nati mbili nyuma, akagonga tena. "Hii inakohoa," angesema, na wewe dereva ukajua asubuhi yako imekwisha.

Sisi hatukuruhusiwa kugusa kitu. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, haikuandikwa popote. Nilipofika mara ya kwanza niliinama nitazame chini ya lori nililopewa, kama nilivyofundishwa na mtu aliyenifundisha kuendesha. Akanigonga begani na kile kinyundo. Hakuumiza, lakini wenzangu wote walikuwa wanaangalia.

"Wewe ni nani hapa?" akaniuliza.

"Dereva, mzee."

"Basi mikono yako ni ya stelingi. Hii ingine ni yangu. Weka nyuma."

Nikaiweka nyuma. Ikazoea kukaa huko. Baada ya mwaka mmoja singeweza kukuambia lini mara ya mwisho nilifungua bonet ya gari nililoliendesha siku sita kwa wiki. Nilimchukia kwa hilo kabla sijawa na sababu nyingine yoyote, ingawa lazima niseme pia kwamba ilikuwa rahisi. Unafika, unasimama, unaambiwa ni zima, unaondoka. Mtu huzoea kufanyiwa.

Mafuta ya breki aliyaonja. Alichovya kidole kwenye kichupa cha mafuta hayo chini ya bonet, akaweka kwenye ncha ya ulimi, akatema. Miaka ile mafuta ya breki yalikuwa yanaadimika, na madereva wengine, wakiwa njiani mbali, walijazia maji ya sabuni ili pedali ipate nguvu ya kuwafikisha nyumbani. Kila dereva wa Ukambani aliyesema hajawahi alikuwa anadanganya. Dereva mmoja wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alirudi na maji hayo kutoka Kiboko, akasahau kuyatoa. Asubuhi Mkaguzi akachovya, akaonja, akatema mara mbili. Hakupiga kelele. Alienda jikoni kwa soja, mlinzi wa geti, akarudi na kikombe cha maji na kipande cha sabuni ya kufulia, akakoroga kwa kidole mpaka povu likapanda.

"Kunywa," akamwambia yule mzee.

"Mkaguzi, tafadhali."

"Kama imefaa breki, itakufaa. Kunywa."

Na yule mzee akanywa, mbele yetu sote, kwa sababu alikuwa na watoto shuleni. Hakumaliza mwaka pale. Mkaguzi aliulizwa baadaye na mmoja wetu kama haoni alimwonea, naye akasema hapana, hajaona. Alikuwa mzee wa kanisa wakati huo, Jumapili anakusanya sadaka amevaa tai.

Nilipokuwa nikiendesha bauza, lile lori la tangi la maji, mwaka ambao mvua ilikataa misimu miwili mfululizo, alinizuia yadini siku mbili kwa ajili ya skrubu moja ya gurudumu iliyokatika. Moja, kati ya nane. Watu wa Kwa Vonza walikuwa wamepanga mitungi barabarani tangu juzi yake. Nilimwomba. Nilimwambia kuna akina mama wanaongoja pale na watoto mgongoni, nami nilikuwa nimelivusha bauza lile mtoni likiwa na hali mbaya kuliko hiyo.

"Wakingoja leo watakunywa kesho," akasema. "Ukianguka leo, kesho watakunywa nini?"

Skrubu ikaletwa kutoka Machakos siku ya tatu. Nilipofika Kwa Vonza akina mama wakanitukana mpaka na mama yangu wakamtaja. Mkaguzi hakuwepo kusikia. Ndivyo mambo yake yalivyokuwa siku zote: uamuzi wake, matusi yako.

Nitasema na hili, kwa sababu nikiliacha nitakuwa mwongo. Siku moja alikuwa amemaliza kunizungukia lori, mkono tayari umeinuliwa kuniruhusu, kisha akaniambia nikate stelingi kushoto, halafu kulia, polepole. Mimi sikusikia kitu. Yeye alilala chini ya lori na tai yake ya kanisani, maana ilikuwa siku ya mazishi, na alipotoka alikuwa ameshika maungio ya stelingi yaliyopasuka, ufa mwembamba kama unywele. Ningekuwa nimefika Emali na lile lori? Sidhani. Sikumshukuru, naye hakungoja kushukuriwa. Ndiyo maana chuki yangu kwake ni ngumu hivi. Angekuwa mjinga ningemdharau na kumsahau.

Na mtu huyo, mwenye masikio hayo, alikuwa anapanda baiskeli isiyo na breki. Haikuwa nayo mbele wala nyuma. Alisimama kwa kuburuza kiatu cha kushoto, na soli ya kiatu hicho ilikuwa imeisha mpaka soksi inaonekana. Tulicheka sana, lakini pembeni. Soja wa geti alithubutu kumuuliza mara moja, naye akajibu, "Baiskeli ni yangu. Gari ni ya watu." Tulilirudia jibu hilo kila tulipokunywa chai, kwa sauti yake ya puani. Sasa nikilifikiria silioni kama la kuchekesha.

Kitabu chake cha ukaguzi kilikuwa na kurasa ndefu. Kila ukurasa ulikuwa wa gari moja kwa siku moja: mistari kumi na miwili, breki, nati, stelingi, taa, na kuendelea, na mbele ya kila mstari nafasi ya tiki. Tiki alizitia yeye. Chini kabisa paliandikwa: *Nimelikagua gari hili mwenyewe na ni zima.* Na hapo alitia sahihi dereva. Unaona? Yule aliyekatazwa kugusa ndiye aliyetia sahihi kwamba amekagua. Mkaguzi mwenyewe hakuwa na mahali pa kuandika jina lake, na miaka yote ile hakuwahi kulalamika kwamba hana.

Kisha kulikuwa na sala. Kwetu mtu haanzi safari bila kuombewa. Hata anayeenda sokoni kununua chumvi atapata mtu wa kumwombea njiani. Madereva wa kwetu walitaka kuomba mara tu wakifika. Mkaguzi, mzee wa kanisa, alikataa kabisa. "Usimsumbue Mungu na kazi ya spana," alituambia. Kwanza azunguke, agonge, aonje, atie tiki. Ndipo avue kofia, na ndipo tuombe. Akisema amina, soja anafungua geti na dereva anatia sahihi juu ya bonet, mara nyingi injini tayari inanguruma. Miaka kumi na mmoja hatukuwahi kusikia amina pale yadini ambayo haikutanguliwa na nyundo. Amina ilikuwa na maana kwamba gari ni zima. Hata mbwa wa soja alijua. Alikuwa akiamka kwa amina na kusogea kutoka mlangoni.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile.

Kanisa lake lilialikwa pamoja na kwaya yake kwenye mkutano mkubwa wa injili upande wa Mbooni. Hakukuwa na gari. Alikwenda mwenyewe kwa meneja kuomba lori, yeye ambaye alikuwa akitufukuza kwa nyundo tukibeba hata mtu mmoja nyuma. "Lori si ya watu," ilikuwa mojawapo ya nyimbo zake. Jumapili ile ikawa ya watu. Nilichaguliwa mimi kuendesha, na sikuulizwa.

Nilipofika, karibu kwaya yote ilikuwa imeshafika na kupanda, nguo nyeupe, viatu vyeupe, wanaimba. Mchungaji naye alikuwa amefika mapema, mtu wa haraka, mgeni pale yadini. Mkaguzi alikuwa anakuja na baiskeli yake, bado yuko kwenye mteremko wa geti, anaburuza kiatu. Mchungaji hakujua utaratibu wetu. Alipanda juu ya gurudumu, akainua mkono, akasema tuombe.

Tukainamisha vichwa. Mkaguzi akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akasimama pale pale alipofika. Sala ikawa ndefu. Tukasema amina, watu arobaini kwa pamoja, na mbwa akaamka, na soja akafungua geti, na Mkaguzi akavaa kofia yake akachukua kitabu akaniwekea juu ya bonet, akatoa tabasamu nisilowahi kumwona nalo. Nikatia sahihi. Ukurasa ulikuwa mtupu, mistari kumi na miwili na hakuna hata tiki moja, na sikuuona, kwa sababu sikuwa nimewahi kuutazama ukurasa ule siku yoyote. Hata yeye hakuuona. Naamini hivyo. Alisikia amina kama sisi sote.

Kuna jambo jingine la asubuhi ile. Mama mmoja wa sauti ya pili alichelewa kupanda. Alikuwa amepita nyuma, karibu na gurudumu, akawa anafuta kiatu chake cheupe kwa jani. Akaniinulia kile kiatu kisigino juu, kimepata doa la mafuta.

"Dereva," akasema akicheka, "gari yako imekojoa."

Nikacheka. Nikamwambia apande haraka, tukamwacha Mkaguzi getini na kitabu chake.

Kwenye mteremko wa kushukia mto, pedali ikaenda mpaka chini na haikurudi. Nilivuta handbreki, nikalazimisha gia, mambo yote yale ambayo hata wewe ungefanya. Lori halikufika darajani. Lilitoka pembeni likaingia kwenye mchanga wa mto, ambao wakati huo wa mwaka ulikuwa mkavu na mwingi, na mchanga ndio uliotuokoa. Waliumia wengi. Akafa mmoja, na alikuwa yule mama. Aliacha mume na watoto watatu huko Kalamba.

Mimi niliamka hospitali, kifua kimefungwa. Baadaye wauguzi waliniambia kwamba Mkaguzi alikuja alasiri ile ile, akakaa kando ya kitanda changu, akanishika mkono na kuniombea karibu saa nzima. Walisema alilia. Nilipoambiwa hivyo moyo wangu ulilainika kidogo, na nataka ijulikane kwamba ulilainika, kwa sababu ndiyo siku pekee.

Polisi walipata mpira wa breki wa gurudumu la nyuma umechanika, ukivuja tangu siku iliyotangulia. Likabaki swali moja tu: nani alisema gari lile ni zima? Korti ikaletewa kitabu. Ukurasa wa Jumapili ile ulikuwa na tiki kumi na mbili, moja kwa kila mstari, zimepangika vizuri. Chini yake jina langu.

Niliwaambia ukurasa ulikuwa mtupu. Hakimu akaniuliza kwa nini basi nilitia sahihi ukurasa mtupu. Soja wa geti aliapa kwamba alisikia amina, na pale amina huja baada ya ukaguzi. Mchungaji akasema aliomba, na alipoulizwa kama gari lilikuwa limekaguliwa akasema aliambiwa baadaye kwamba ndio utaratibu. Wote walisema kweli. Mkaguzi alisimama akashika Biblia, akasema, "Kitabu kiko hapo." Akarudi kuketi. Hakunitazama.

Nilikaa ndani mwaka mmoja na nusu, na leseni ikachukuliwa. Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni Kalamba. Shamba langu liko huko, kanisa langu liko huko, na mume wa yule mama alikuwa akikutana nami siku ya soko, anavuka barabara. Kila siku ya soko, miaka mingi. Watoto wake walikua wakijua mimi ni nani kwa kuonyeshwa kwa kidole. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: Mkaguzi afungue mdomo wake aseme kwamba gari lile halikukaguliwa, na yule mwanamume asikie. Nilimwendea mara mbili. Mara ya kwanza alinikaribisha chai, akaongea kuhusu mahindi. Mara ya pili hakutoka nje.

Leseni ilirudi baadaye. Aliyeniajiri alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi pale Kwa Vonza, mzee Mwislamu ambaye watu wake walitoka upande wa Garissa. Alikuwa amesikia habari zangu. Aliniuliza swali moja.

"Umeanguka kweli?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi unaogopa. Mimi nataka dereva anaogopa. Chukua funguo."

Nikanunua daftari la shule, nikachora mistari kumi na miwili mwenyewe. Kila asubuhi nilizunguka ile pikapu kuanzia gurudumu la mbele kushoto, nikagonga nati, nikachovya kidole na kuonja. Nikatia tiki na nikatia sahihi. Ndiyo, niliiga kila kitu kutoka kwake. Ningeiga kutoka kwa nani mwingine?

Basi ilikuwa asubuhi ya siku ya soko, Kalamba, miaka ya tisini imeshaingia. Nilikuwa nazunguka pikapu kabla ya kuondoka, nyundo mkononi, nilipoona mwanamke anamwongoza mzee kwa mkono. Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu mtupu. Nilimjua kwa koti. Lile lile la khaki.

Binti yake hakunijua. "Baba yangu hajisikii vizuri," akasema. "Tunaenda hospitali huko Wote. Tafadhali, utusaidie."

Ningeweza kusema pikapu imejaa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mzee akainamisha kichwa upande.

"Ya nyuma kulia," akasema, "umegonga nne. Ziko tano."

Nilirudi nikahesabu. Ziko tano, na nilikuwa nimeruka moja. Nikaigonga. Ilikuwa imekaza, lakini nilijaa hasira. Nikawaambia wapande mbele.

Tulienda mwendo mrefu, binti katikati yetu. Nilikuwa nimejiambia miaka yote hiyo nitakavyosema siku hiyo. Nilitunga hotuba nzima gerezani. Ilipofika nilisema tu:

"Mkaguzi. Zile tiki ulitia lini?"

Hakuuliza mimi ni nani. Nadhani alinijua tangu ile nati.

"Jioni," akasema. "Nilitoka hospitali kukuona, nikapitia yadi."

"Ulitoka kuniombea ukaenda kutia tiki?"

"Ulikuwa unakoroma vibaya. Daktari alisema huwezi kufika asubuhi. Nilijua mtu amekufa hafungwi. Nikaona haitakuumiza. Halafu ukaamka."

"Kwa hivyo kosa langu ni kuamka?"

"Sikusema hivyo. Nilitia tiki nikijua wewe ni maiti. Ulipoamka nikaogopa. Hiyo gari sikuikagua. Haikuwa imeguswa."

"Asa!" binti yake akasema, vile watoto huku wanavyomwita baba. Alikuwa amefunika mdomo.

"Rudia," nikamwambia. "Binti yako asikie vizuri."

"Hiyo gari sikuikagua," akarudia. "Kijana huyu hakuwa na makosa."

Kijana. Nilikuwa na mvi. Lakini lilikuwa limetoka, lile neno, na nikangoja kujisikia mwepesi, kama nilivyojiahidi. Ndipo akageuza uso wake usioona akauelekeza kwangu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia yadini, sauti ya mtu aliyerudi nati mbili nyuma.

"Nilienda kuangalia pale yadini lori ililala," akasema. "Mafuta ilikuwa chini, kidogo, kama sahani hivi. Na mtu alikanyaga. Ilikuwa na alama ya kisigino, ya mwanamke. Nikamwaga mchanga juu yake. Sikuambia mtu." Akakohoa. "Huyo mama alikanyaga. Alikuambia?"

Barabara ilikuwa nyoofu pale. Nakumbuka mbuzi wawili na mtu amebeba jerikeni. Binti alikuwa ananitazama kwa huruma, machozi tayari, anangoja nijibu ili amalize kunionea uchungu.

"Hapana," nikasema.

"Hakusema kitu?"

"Hakusema."

"Sawa," akasema Mkaguzi. Akagonga dashibodi kwa kidole mara moja, kichwa kimeinama upande.

Kwenye geti la hospitali aliniuliza kama siku hizi nina kitabu. Nikamwambia ninalo daftari. "Lete," akasema. "Ukurasa mpya." Nikamfungulia, akaomba nimwekee kidole mahali pa sahihi. Nikamshika kile kidole, kilichokuwa kigumu kama mpini wa jembe, nikakiweka chini kabisa ya ukurasa mtupu, nikampa kalamu, naye akaandika jina lake lote, herufi zikipanda mlima. Sikuwa nimewahi kuliona limeandikwa kabla ya hapo.

"Sasa juu yake andika vile ilikuwa," akasema. "Yote. Upeleke kwa yule mtu wako wa Kalamba."

Alizikwa mwezi uliofuata. Sikwenda.

Haikunibidi kupeleka kitu. Binti yake alisimama kanisani akasema aliyoyasikia, na siku ya soko iliyofuata yule mwanamume wa Kalamba hakuvuka barabara. Alikuja mpaka kwenye pikapu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba radhi kwa miaka yote ile, mwanawe wa kwanza amesimama kando, kofia mkononi. Nikamwambia si kitu. Tangu hapo ananisalimia kila mara, ananiulizia watoto, na Krismasi ananiletea maembe ya shamba lake. Nayala maembe yake nikiwa nimemgeuzia mgongo mke wangu.

Kwa hiyo bado namchukia Mkaguzi. Namchukia kwa kikombe cha sabuni, na kwa mikono yangu aliyoiweka nyuma, na kwa tiki kumi na mbili. Zaidi ya yote namchukia kwa kuniuliza lile swali mbele ya binti yake, akijua jibu, na kisha kuniachia nafasi ya kuandika.

Ukurasa ule ninao. Haya yote nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Ule bado ni mtupu, jina lake liko chini limepinda, na mara kwa mara naufungua na kalamu mkononi nikitaka kuanza. Kila mara mstari wa kwanza unaokuja ni ule wa kiatu cheupe. Na chini ya jina lake, nikiangalia vizuri, imebaki nafasi inayotosha jina moja.